Tumbo joto, pua baridi

Julai ya Arusha haina utani. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelalia mabati, Meru haionekani hata kivuli, na mimi nilitoka Sakina hadi Unga Limited kwa bodaboda, helmeti yenyewe ile isiyo na kioo, upepo wote ukiishia usoni kwangu. Nilikuwa nafuata pasi ya umeme niliyoiacha kwa fundi wiki mbili nyuma. Pasi nikaikuta vilevile nilivyoiacha. Fundi alikuwa na mambo mapya: kijikamera kidogo kama kiberiti, kinachomekwa chini ya simu, kinaonyesha joto.

Alikinunua kwa ajili ya kazi. Kiungio cha waya kikilegea ndani ya boksi la breka, umeme hupita kwa shida na pale hupata moto siku nyingi kabla hapajaungua. Jicho halioni, mkono hauthubutu kugusa. Kamera ya joto inaona. Fundi anasimama pembeni, anapiga picha, na kiungio kibovu kinang'aa peke yake katikati ya vingine kumi vizima.

"Kaka, hebu simama hapo," akaniambia kabla hata salamu hazijaisha. Akanielekezea. Kwenye kioo nikauona uso wangu wa rangi ya chungwa na njano, miwani imegeuka vibao viwili vyeusi, na katikati, penye pua, tone jeusi kama la wino.

"Umeona? Una stresi wewe. Nimeangalia video, pua ikiwa nyeusi hivi mtu ana mawazo."

Mawazo ninayo, nani hana, lakini pua yangu ilikuwa na sababu yake na sababu hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inageuza pikipiki kurudi Sakina. Nikavuta kigoda karibu na jiko la mama mshonaji wa fremu ya pili, ambaye alikuwa na birika la chai na pasi ya mkaa vyote vinachemka kwa pamoja. Baada ya robo saa hivi fundi akanipiga tena. Pua imerudi rangi ya uso. Nimepona stresi kwa chai ya tangawizi.

Fundi sasa alikuwa daktari kamili. Akamgeuzia mama kamera, naye akacheka akaendelea kupiga pasi sare za shule. Uso wake wote uliwaka, pua ikiwemo; namba ndogo pembeni ilisoma nyuzi 33. Simu yake ikaita. Akaitazama, hakuipokea. Ikaita tena. "Abee. Ndiyo. Naelewa, kaka yangu. Hapana, sijahama, nipo hapahapa. Ijumaa." Sauti haikupanda wala kushuka, na mkono wenye pasi haukusimama. Lakini kwenye simu ya fundi ncha ya pua ilianza kuzima polepole, chungwa ikaingia zambarau, namba ikateremka mpaka 30. Fundi akashusha simu mapajani. Sote tulijua ni nani aliyepiga. Ni afisa wa mkopo, ile mikopo ambayo mtaani tunaiita kausha damu.

Nimeondoka pale na pua mbili kichwani. Moja ilizimwa na upepo wa bodaboda, nyingine na rejesho la Ijumaa, na kwenye kioo zilikuwa tone moja la wino. Makala haya yote nayaandika kwa sababu ya pua hizo mbili.

Kiswahili kinasema mwenye wasiwasi ana tumbo joto. Kila inapovuma kwamba baraza la mawaziri linapanguliwa, magazeti yetu hayakosi kichwa cha habari chenye vigogo na matumbo yao joto. Tunasema pia kijasho chembamba kilimtoka, damu ilimwisha mwilini, nywele zilimsimama. Sijui lugha yenye mkusanyiko mzuri zaidi wa dalili za hofu, na sayansi imekuja kuzikuta nyingi zikiwa sawasawa. Hicho kijasho chembamba, kwa mfano. Katika Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, maabara ya Ioannis Pavlidis imetumia miaka kuhesabu vitone vya jasho vinavyofunguka juu ya mdomo wa mtu aliyebanwa na jambo. Kwenye kamera ya joto kila tundu la jasho huonekana kama nukta ya baridi, kwa sababu jasho likikauka huondoka na joto. Bibi zetu walikuwa wanaangalia hapohapo, juu ya mdomo.

Tumbo tuliache, kamera haioni ndani. Kamera inaona ngozi tu, tena kile ambacho ngozi inakitoa. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo jicho halina uwezo wa kuipokea. Mwaka 1800 William Herschel, mwanafalaki aliyeishi Uingereza, aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto kwenye kila rangi, kisha akakiweka ng'ambo ya nyekundu, mahali palipoonekana hapana kitu. Kipimajoto kikapanda. Hiyo ndiyo infraredi, na mwili wa binadamu unaitoa mchana na usiku, kwa wingi zaidi kwenye urefu wa mawimbi wa karibu maikromita 10. Kioo cha kawaida hakiipitishi, ndiyo maana miwani yangu ilikuwa vibao.

Kinachoizima pua ni damu kuhama. Ubongo ukihisi tishio, ule mfumo wa fahamu tusiouamrisha wenyewe huandaa mwili kwa kile ambacho Walter Cannon wa Harvard alikieleza mwaka 1915 kuwa ni kupigana au kukimbia. Moyo huongeza kasi, damu hupelekwa kwenye misuli mikubwa, na ngozi ya pembezoni hupunguziwa mgao. Pua, masikio, ncha za vidole, viganja na nyayo zina kitu ambacho sehemu nyingine za ngozi hazina kwa wingi: vichochoro vinavyounganisha mshipa unaoleta damu na ule unaoirudisha, bila kupitia vimishipa vidogo vya katikati. Vichochoro vikifunguka, damu ya moto hufurika. Neva zikiviamuru vifunge, mgao hukatika ghafla kama maji ya bomba, na ngozi huanza kupoa. Amri hufika kwa sekunde chache, lakini nyama ina joto lake la akiba, kwa hiyo upoaji huonekana taratibu. Kamera daima inaonyesha habari ya muda kidogo uliopita. Mama yule alipoitazama simu ikiita, damu ilikuwa imeshaondoka; sisi tuliiona wakati anasema "Ijumaa".

Waliobuni jina kausha damu hawakuwa wanafiziolojia, ila naliona jina hilo tofauti tangu siku ile.

Kuna sifa moja ya kamera hizi ambayo ni haki kuitaja, maana sisi weusi tumezoea vifaa vilivyopimiwa ngozi nyingine. Kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni, ambacho waongozaji wa Kilimanjaro huwabana nacho wageni kila jioni kambini, hupitisha mwanga ndani ya ngozi, na rangi ya ngozi hukivuruga. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kamera ya joto haina tatizo hilo. Kwenye mawimbi inayosomea, ngozi ya binadamu, nyeusi au nyeupe, hutoa karibu asilimia 98 ya mionzi yote ambayo kitu chenye joto lilelile kinaweza kutoa. Mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, aliyebeba kilo 20 kwenda kambi ya Barafu na mteja wake kutoka Berlin wako sawa mbele yake.

Baada ya sifa, shida. Ya kwanza ni hali ya hewa yetu wenyewe. Vichochoro vile havikuumbwa kwa ajili ya maafisa mikopo. Kazi yao ya kila siku ni kutunza joto la mwili. Baridi ikikupata, vinafunga. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa uangalifu humkalisha mtu ndani ya chumba chenye joto linalojulikana kwa dakika 10 au 15 kabla ya kumpima, humwuliza kama amevuta sigara au amekunywa kahawa, na humtaka asipake kitu usoni. Sasa jaribu sharti hilo hapa. Mtu ametoka Ngaramtoni saa kumi na mbili asubuhi, amening'inia mlangoni mwa hiace, amepaka mafuta ya mgando usoni mpaka anametameta kwa sababu bila hayo Julai itampausha, na amekunywa chai ya rangi akiwa amesimama. Ukimpiga picha mlangoni mwa ofisi unayempima ni Julai. Mchana wa Februari mjini Moshi ni kinyume chake: joto linavifungua vichochoro vyote, uso mzima unawaka, na mwenye hofu na asiye na hofu wote wanajipepea kwa gazeti.

Ya pili ni kijikamera chenyewe. Vile vya kuchomeka kwenye simu, watengenezaji wake huandika kwenye karatasi kwamba namba inaweza kukosea hadi nyuzi 3 kwenda juu au kushuka. Ile 33 tuliyoisoma huenda ilikuwa 31, huenda 35. Kinachoaminika zaidi ni tofauti, yaani jinsi sehemu moja inavyobadilika ndani ya dakika chache huku paji la uso likibaki pale pale. Na rangi msiziamini hata kidogo. Nyekundu na zambarau hazimo mwilini wala kwenye mionzi. Programu inazigawa yenyewe, ikichukua cha moto kuliko vyote kilichomo kwenye picha na cha baridi kuliko vyote, kisha inapaka katikati. Birika la chai likiingia kwenye picha, mtu mzima wa afya anageuka maiti ya bluu. Tulifanya mchezo huo na birika la mama. Inachekesha mara ya kwanza.

Shida hizo mbili zinatatulika: chumba, kamera bora, subira. Ya tatu haitatuliki kwa hela, nayo ndiyo itakayotusumbua, kwa sababu kifaa hiki hakitaingia mjini kama kifaa cha utafiti. Kitaingia kama kifaa cha kumjua mwongo.

Nasema hivyo kwa sababu nimeshaulizwa. Mfanyabiashara mmoja mwenye ghala, ambaye amekuwa akipoteza mizigo, alisikia habari ya kijikamera cha fundi akanivuta pembeni: "Eti kinaona mtu akiwa na hofu? Nikiwapanga vijana wangu mstari mmoja, nikawauliza nani anaiba, si atajulikana?" Hakuwa anatania. Wala hakuwa wa kwanza duniani kuwaza hivyo. Januari 2002, miezi michache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Pavlidis huyohuyo na wenzake wawili walichapisha kwenye jarida la Nature jaribio la watu 20. Wanane waliagizwa wamchome kisu mwanasesere na kumwibia dola 20, kisha wakane. Kumi na wawili hawakujua lolote. Kamera ilitazama ngozi kuzunguka macho, ambako damu huongezeka ghafla mtu anapobanwa, ikawapata wahalifu 6 kati ya 8 na ikawaachia huru wasio na hatia 11 kati ya 12. Dunia ilishangilia. Viwanja vya ndege vilikuwa vinatafuta muujiza, na huu ulikuwa na picha za rangi.

Nilimwomba mwenye ghala tuhesabu pamoja juu ya boksi la maji ya kunywa, kwa kalamu yake. Tuseme una vijana 100, mwizi ni mmoja. Tuseme pia kamera yako ni nzuri kama ya Marekani na ghala lako lina joto la chumba cha maabara, jambo ambalo si kweli, lakini tuendelee. Mwizi ana nafasi tatu kati ya nne za kunaswa. Wasio na hatia ni 99, na kamera inamkosea mmoja katika kila 12, kwa hiyo inakupa wanane. Mstari wako wa washukiwa una watu wanane safi na, bahati ikiwa upande wako, mwizi mmoja. Utamjuaje? Kwa kamera huwezi, imeshamaliza kazi yake. Utarudi kwenye daftari la kutoa mzigo, ambalo ungeanza nalo.

Aliitazama karatasi muda mrefu. Kisha akaniuliza hao wanane watakuwa nani, na hilo ndilo swali bora nililoulizwa kuhusu jambo hili. Nadhani nawajua. Ni yule aliyewahi kusingiziwa kazini kwake pa zamani. Ni binti aliyemwacha mtoto na homa. Ni kijana anayemwogopa bosi kwa sababu bosi ana sauti. Ni mwenye rejesho la Ijumaa. Na mwizi mzoefu, aliyeiba mara kumi na kuhojiwa mara kumi, ana kila sababu ya kuwa na pua yenye joto kuliko wote. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipozipitia mashine za kugundua uongo kwa jumla, halikuona ushahidi wa kutosha kwamba picha za joto za uso zinafaa kwa kazi hiyo. Biashara ya mashine za namna hii haikufa kwa ripoti hiyo, maana mwenye ghala yuko kila nchi.

Lakini hata tukiuacha uongo tukabaki na msongo peke yake, bado tunamwelekezea kamera asiye mwenyewe. Hebu tazama maabara zinavyotengeneza msongo. Njia inayotumika zaidi duniani ilibuniwa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, ikachapishwa 1993. Unapewa muda mfupi kujiandaa, unasimamishwa mbele ya jopo, unajieleza dakika tano kama mtu anayeomba kazi, kisha unaambiwa uhesabu kurudi nyuma kutoka 1022 ukitoa 13 kila mara, na ukikosea unaanza upya. Wanajopo wamefundishwa wasitabasamu, wasitikise kichwa, wasikupe dalili yoyote kama unafanya vizuri au vibaya. Hakuna sindano, hakuna kelele. Watu watatu wenye nyuso za mbao wanatosha kuzizima pua za watu wazima.

Kwa maneno mengine, kwenye jaribio hilo chanzo cha msongo kinajulikana na kinalipwa mshahara. Kimekaa upande wa pili wa meza. Ila kamera imeelekezwa kwa anayetoka jasho.

Hili tunalijua kwenye presha. Muuguzi mzoefu, awe KCMC au zahanati ya Kiboriloni, hakufungi mashine mkononi ukiwa ndiyo kwanza umepanda ngazi na umegombana na mlinzi. "Kaa kwanza, mzee, pumzika." Anajua kuna presha ya mtu na kuna presha ya hospitali, kwamba koti jeupe peke yake humpandisha mtu, na kwamba namba ya nyumbani mara nyingi ni ndogo kuliko ya kliniki. Hakuna anayemcheka muuguzi huyo kwamba hajiamini. Tunasema anajua kazi.

Fundi wa umeme naye anajua kazi. Siku ile ile, mchana, nilimsindikiza kwenye mashine ya kusaga ya jirani. Alifungua boksi la breka, akapiga picha, waya mmoja ulikuwa unawaka mwekundu kuliko wenzake. Hakuuliza waya una matatizo gani. Aligeuka akamwuliza mwenye mashine: "Huku mmeunganisha nini kingine?" Walikuwa wameunganisha pampu ya maji na friji la soda.

Ndiyo hoja yangu. Kama kamera hizi zitatumika kwa watu, zielekezwe kwenye mzigo. Naweza kuona matumizi ambayo ningeyaunga mkono kwa mikono miwili: dirisha la malipo la hospitali, chumba cha usaili, foleni ya kuandikisha watoto shule. Wapige picha watu wengi, bila majina, bila kutunza sura, wasome wastani tu. Kisha waweke viti, waweke namba za foleni, wamtoe yule anayefoka dirishani, wapige tena. Kama pua za watu mia zimerudi rangi zake, dirisha limetengenezeka. Wastani wa watu wengi unasamehe pua moja iliyokuja na bodaboda. Hakuna anayeitwa mwongo wala dhaifu. Anayepimwa ni dirisha.

Mtu mmoja mmoja, kamera inafaa pale anapolinganishwa na nafsi yake, au pale asipoweza kusema. Kwa mgonjwa wa kisukari, unyayo wa kulia unalinganishwa na wa kushoto: sehemu ileile ikizidi mwenzake kwa nyuzi 2.2, hiyo ni tahadhari inayotambulika kwamba kidonda kinaweza kuwa njiani, na mgonjwa mwenyewe hasikii kitu kwa kuwa neva za mguu zimekufa ganzi. Watafiti wa Japani walipima ngozi ya paji la uso la watoto wachanga mama anapoondoka chumbani. Kwenye msitu wa Budongo, Uganda, sokwe mwitu waliposikia sauti za wenzao pua zao zilipoa huku masikio yakipata joto, na picha hizo zilipigwa bila kuwagusa wala kuwafunga kitu. Sokwe huwezi kumwuliza. Mama mshonaji unaweza, na anajibu.

Tena anajibu kitu ambacho kamera haina njia ya kukijua. Kilichoonekana kwenye kioo ni dakika mbili za mshtuko. Mkopo ni wa miezi. Mwili una pia njia yake ya polepole ya msongo, homoni ya kortisoli, ambayo kwenye mate hufikia kilele kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio, na kamera haiioni kabisa. Tukisema Arusha "ana stresi" tuna maana ya usingizi uliokatika tangu Pasaka, ada ya Januari iliyolipwa kwa deni lililolipwa kwa deni lingine, mume asiyepatikana kwenye simu. Mtu wa hivyo, akiwa amekaa kando ya jiko na simu haijaita, pua yake inaweza kuwa na nyuzi 33 safi kabisa. Mwajiri atakayemtazama kwenye kioo atamwandika mzima.

Umoja wa Ulaya umeshaamua upande wake: tangu Februari 2025 ni marufuku kutumia akili bandia kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa tiba au usalama. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na tuna Tume yake, na sheria hiyo inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa maoni yangu picha ya damu ikihama usoni mwa mtu ni taarifa ya afya, hata kama aliyeipiga ni mwenye ghala kwa simu yake. Ningependa Tume iseme hivyo mapema, kabla vijikamera havijashuka bei. Madalali wa madini watakuwa wa mwisho kupinga. Nimemsimulia mmoja habari ya pua, mtu ambaye riziki yake yote ya Tanzanite inategemea kutoonyesha kitu usoni, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama barakoa inazuia.

Inazuia.

Pasi yangu nimeipata wiki iliyofuata. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda changu kando ya jiko, kijikamera kimo ndani ya boksi lake, anakunywa chai ya mama. Nilimsikia akimwuliza, kwa sauti ya chini, macho yako kwenye kikombe, zimebaki wiki ngapi. Mama alitoa daftari dogo kwenye droo ya cherehani, akalamba kidole, akahesabu.

"Tisa," akasema. "Na hii ya leo kumi."